Itifaki ya Dar: Salamu Kwanza, Data Baadaye

Poleni na kazi, poleni na foleni, na kama unasoma haya ndani ya matatu huku makanga akikusukuma usogee, basi pole mara mbili.

Leo sitaandika juu ya lugha za programu. Nataka kuandika juu ya lugha hii hii tunayozungumza, na jinsi ilivyokaribia kuua mradi ambao kwa upande wa tarakilishi haukuwa na hitilafu yoyote.

Tukisikia habari za adabu za kazi katika nchi ya kigeni, wengi wetu akili inakimbilia mbali. Tunafikiria Japani, ambako kadi ya biashara hupokelewa kwa mikono miwili na kusomwa kwanza kabla ya kutiwa mfukoni. Tunafikiria Ujerumani, ambako hutamwita mtu usiyemzoea kwa "wewe" ile ya kirafiki. Kuhusu nchi hizo kuna vitabu tele. Lakini ni nani amewahi kumwandikia Mkenya kitabu cha kumfundisha namna ya kufanya kazi Dar es Salaam? Hakuna, maana tunaamini hakuna cha kufundishwa. Jirani ni jirani, Kiswahili ni Kiswahili, unapanda basi, unapita Namanga, pasipoti inagongwa muhuri, kesho yake uko kazini. Ndugu yangu, mtego uko hapo hapo. Mtu anayekwenda Tokyo anajua kuwa hajui. Anayekwenda Dar anadhani anajua.

Mwaka 2018 kampuni ya Nairobi niliyokuwa nikiifanyia kazi ilinipeleka Dar kwa miezi minane. Mteja wetu alikuwa SACCOS moja, yaani chama cha akiba na mikopo. (Huku kwetu tunasema SACCO, wenzetu wana "S" ya ziada mwishoni. Hata kabla hujafika umeshapungukiwa na herufi!) Ofisi ilikuwa Kariakoo, ghorofa ya pili, chini yake maduka ya vitenge na vipuri vya simu. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha kumbukumbu za wanachama kutoka kwenye madaftari na mafaili ya Excel hadi kwenye hifadhidata, kisha kuunganisha mfumo na huduma ya ujumbe mfupi ili kila mwanachama apate taarifa za akiba na mkopo wake kwenye simu.

Nilikuwa na bahati moja. Jirani yangu Nairobi ni mama aliyezaliwa Tanga, na wiki moja kabla ya safari aliniita akaniambia: "Mwanangu, huko unakokwenda usimwambie mtu 'nipe'. Sema 'naomba'. Na usianze na shida yako. Anza na mtu." Nikayaweka moyoni. Mwenzangu tuliyesafiri naye, kijana hodari kunizidi kwa mambo ya hifadhidata, hakuwa na jirani wa namna hiyo.

Siku ya kwanza mwenzangu aliingia idara ya hesabu, akamkuta mhasibu, mama mtu mzima mwenye miwani na leso begani. Akasema, "Habari. Nataka zile rekodi za mikopo za miaka mitatu. Zikipatikana leo itakuwa vizuri." Kwa Kiswahili cha Nairobi hiyo ni sentensi ya kistaarabu kabisa. Kuna "habari", kuna "itakuwa vizuri", sauti haikupanda. Yule mama akamtazama kwa utulivu, akajibu, "Zitapatikana."

Siku ya pili, hakuna kitu. Siku ya tatu, "zinatafutwa". Siku ya nne mwenzangu akaanza kuandika barua pepe kwenda Nairobi kwamba mteja hatoi ushirikiano.

Asubuhi ya siku ya tano nilikwenda mimi. Nikasimama mlangoni, nikabisha hodi. "Karibu." "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo?" "Sijambo. Za asubuhi?" "Nzuri, za Nairobi?" "Wanawasalimu. Poleni na kazi." "Tumeshapoa. Karibu ukae." Nikakaa. Akaniuliza kama nimeshazoea joto. Nikamwambia bado, feni ya chumba changu inazungusha joto tu. Akacheka. Akaniuliza wazazi wangu wako wapi, nikamwambia Nakuru. Kisha akanyamaza, na mimi nikajua sasa zamu ni yangu. "Samahani mama, naomba kama inawezekana tupate zile kumbukumbu za mikopo." Akavuta mtoto wa meza, akatoa flashi. "Nilishazitayarisha tangu juzi," akasema. "Nilikuwa nangoja mtu aje kuzichukua."

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Alikuwa akingoja mtu. Mwenzangu alikuwa amefika mara nne, lakini kwa hesabu za yule mama hakuna mtu aliyekuwa amefika. Kilichofika lilikuwa ombi tu.

Sasa wacha niwaeleze kwa lugha ya fani yetu, maana nilipokuwa nikitembea kurudi kwenye meza yangu ndivyo nilivyoielewa. Neno la Kiswahili kwa kanuni za mawasiliano ya mitandao ni itifaki. Ni neno lile lile linalotumika kwa taratibu za ikulu na mabalozi: nani aketi wapi, nani asalimiwe kwanza. Wala si bahati tu kwamba neno ni moja.

Intaneti ina itifaki mbili maarufu za kusafirisha data. Ya kwanza ni TCP. Kabla tarakilishi moja haijatuma chochote kwa nyingine, husalimiana kwa hatua tatu. Ya kwanza husema: hodi, nataka tuzungumze. Ya pili hujibu: nimekusikia, karibu, na mimi pia niko tayari. Ya kwanza humalizia: nimesikia kwamba umenisikia. Baada ya hapo ndipo data inaanza kutiririka. Ukitupa data bila hizo hatua tatu, upande wa pili hauipokei. Haina maana kwamba umekasirikiwa. Kwa upande huo hakuna mazungumzo yaliyofunguliwa.

Ya pili ni UDP. Hii haina salamu. Unatupa pakiti na kuendelea na safari yako. Ikifika sawa, isipofika sawa. Ni ya haraka, na ina kazi zake muhimu: simu za sauti, michezo, kuuliza majina ya tovuti.

Nairobi ni UDP. Dar ni TCP.

Natania kidogo, lakini kidogo tu. Nairobi mtu anapanga foleni ya chai, anafika mbele, anasema "Nipe chai na mandazi mbili", analipa, anaondoka, wala hakuna aliyeumizwa. Muuzaji mwenyewe angeshangaa ukianza kumuuliza habari za nyumbani huku watu kumi wako nyuma yako. Dar, "nipe" inagonga sikio kama mlango uliofungwa kwa teke. Neno ni lile lile, kamusi ni ile ile, ila uzito umebadilika njiani.

Kwa nini? Wenzetu wengine hupenda kusema Wakenya hatuna adabu, na sisi hujibu kuwa wao ni wazito. Sikubaliani na upande wowote. Nionavyo mimi ni hivi. Tanzania, baada ya uhuru mwaka 1961, Kiswahili kiliwekwa katikati ya kila kitu: bunge, shule ya msingi, ofisi ya kijiji, barua ya serikali. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa mwaka 1967. Mtoto wa Dar anapendwa, anakemewa, anaposwa na kuzikwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo adabu yake yote imo ndani ya Kiswahili. Kwetu Kenya, ukiacha pwani na baadhi ya miji, wengi wetu tulikipokea Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu: lugha ya soko, ya kituo cha basi, ya kuelewana haraka na mtu asiye wa kabila lako. Heshima tuliiacha nyumbani, katika Kikamba, Kijaluo, Kikuyu, Kinandi. Ofisini tukaivalisha Kiingereza. Msikilize Mkenya yule yule wa "nipe chai" akizungumza na bibi yake kwa lugha ya mama, utashangaa jinsi anavyoinama. Adabu anayo, ila ameihifadhi kwenye folda nyingine.

Na ukivuka mpaka, folda hiyo haivuki nawe. Unafika Dar na Kiswahili cha soko, unakitumia mahali ambapo watu wanatarajia Kiswahili cha nyumbani.

Hadi hapo unaweza kusema: sawa, ni mambo ya watu wawili na flashi, yamekwisha. La hasha. Tatizo kubwa lilikuwa ndani ya programu yenyewe.

Mwezi wa tatu tuliwasha huduma ya ujumbe kwa majaribio, kwa wanachama wachache. Maneno ya ujumbe yalikuwa yameletwa tayari kutoka Nairobi, yakitumika kwa wateja wa Kenya bila malalamiko. Mwanachama aliyechelewa kulipa alipata hivi:

"Mkopo wako umechelewa. Lipa Tsh 45,000 leo. Ukishindwa hatua za kisheria zitachukuliwa."

Kesho yake ngazi za ofisi zilijaa watu. Mzee mmoja mstaafu, kanzu safi, bakora mkononi, alikuwa amechelewa siku nne tu kwa sababu pensheni yake haikuwa imeingia. Hakupiga kelele. Aliketi mbele ya meneja, akaweka simu mezani, akasema yeye ni mwanachama tangu chama kilipokuwa na watu arobaini, na hajawahi kuitwa mwizi. Aliomba hesabu zake zifungwe na akiba yake arudishiwe. Wengine wanne waliomba hivyo hivyo wiki hiyo. SACCOS husimama juu ya akiba za wanachama wake. Wakitoka, hakuna chama, na hakuna mkataba wetu pia. Bodi ikaita mkutano, na ajenda ya kwanza ilikuwa kama "mfumo wa Wakenya" uendelee au usimamishwe.

Ona jambo hili. Mfumo ulikuwa sahihi. Kiasi kilikuwa sahihi, tarehe sahihi, nambari ya simu sahihi. Ungeupima kwa vipimo vyote vya kihandisi ungefaulu. Na bado ulikuwa unakivunja chama.

Nilikwenda kwa Mama mhasibu. Salamu kwanza, bila shaka. Kisha tukaketi na karatasi, tukaanza kuandika upya, ujumbe mmoja mmoja. Yeye alikuwa na maneno, mimi nilikuwa na kikomo. Kikomo chenyewe ni hiki: SMS moja yenye herufi za kawaida huchukua herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi hapo inagawanywa, kila kipande kinabaki na 153, na unalipia vipande viwili. Kwa chama chenye maelfu ya wanachama, adabu ya herufi 161 ni adabu ya bei mara mbili. Meneja alikuwa ameshatuonya kuhusu gharama.

Tulifuta, tukaandika, tukafuta. Yeye ndiye aliyeleta neno "rejesho", ambalo wanachama wake wanalitumia, badala ya "malipo". Yeye ndiye aliyesema usimwambie mtu amechelewa, sema fedha haijafika. Huenda amelipa na benki ndiyo iliyochelewa. Mwishowe tukapata huu:

"Ndugu mwanachama, rejesho lako la mwezi huu, Tsh 45,000, halijatufikia. Kama umeshalipa tunaomba utuletee risiti. Ukikwama, karibu ofisini tuzungumze. Asante."

Nikauhesabu. Herufi 158. Nikauhesabu tena, maana sikuamini. Hata rejesho likiwa laki nne na nusu zinafika 159. Ule ujumbe wa zamani ulikuwa na herufi 87. Yaani kila mara ulipotumwa, herufi 73 zilizokwisha kulipiwa zilikuwa zinatupwa bure, na heshima yote tuliyoihitaji ingeenea humo bila kuongeza hata senti moja.

Niliandika barua kwa bodi. Kwa Kiswahili, na kwa mtindo wao: juu "Kumb. Na.", chini yake "YAH:" na mada kwa herufi kubwa, "Ndugu Mwenyekiti" mwanzoni. Kwetu barua kama hiyo ingeandikwa kwa Kiingereza na hakuna angeona ajabu. Nikaambatisha ujumbe wa zamani na mpya sambamba. Bodi ikatupa mwezi mmoja wa majaribio tena. Yule mzee meneja alimfuata nyumbani kwake, Temeke, yeye mwenyewe, na akarudi chamani. Wawili kati ya wale wanne hawakurudi. Mkataba uliendelea.

Katika kazi hiyo niligundua jambo ambalo nadhani litamfaa yeyote anayetafsiri programu kwa Kiswahili. Kwenye skrini kuna sauti mbili. Maneno ya kwenye vitufe ni sauti ya mtumiaji akiiamuru mashine: Hifadhi. Futa. Tuma. Chapisha. Hapo amri ni halali, mashine haina moyo wa kuumia. Lakini maneno ya taarifa ni sauti ya mashine ikimwambia mtu. "Ingiza namba ya siri!" "Umekosea!" Hapo mashine inamwamuru mama mtu mzima. Kiingereza hakionyeshi tofauti hii vizuri, kwa hiyo tafsiri ya haraka huweka amri kila mahali. Kiswahili kinatupa vifaa vyote: "tafadhali", "tunaomba uweke", na ile kauli yetu nzuri isiyomtaja mkosaji. Hatusemi "umevunja glasi" kwa mgeni, tunasema "glasi imevunjika". Basi mashine nayo iseme "namba hii haijatambulika, tafadhali jaribu tena".

Kazi ya kuzungumza Kiswahili na tarakilishi si ngeni Dar. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Tazama jina walilochagua. Kati ya maneno yote ya lugha, walianza na salamu.

Kitu kingine kidogo kilikuwa saa. Notisi ya mkutano mkuu ilitoka kwenye mfumo ikisema "10:00". Mhasibu akaniuliza, "Saa kumi ya jioni?" Seva inahesabu kuanzia usiku wa manane, mwanachama anahesabu kuanzia machweo na macheo. Dawa yake ni mstari mmoja wa msimbo: ongeza sita kwenye saa ya seva, gawanya kwa kumi na mbili, chukua baki, baki likiwa sifuri andika 12. Kisha ongeza neno la wakati. Ikawa "saa 4 asubuhi". Kumwandikia mtu saa yake mwenyewe ni adabu pia, kama vile kutopanga kikao Ijumaa saa saba mchana wakati nusu ya wajumbe wako msikitini.

Sasa tugeuze shilingi, maana nikiishia hapa itaonekana kwamba mgeni peke yake ndiye wa kujirekebisha.

Mwaka 1980 Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliandika katika maelezo ya TCP kanuni ambayo waandishi wa programu wanaijua hadi leo. Kwa maneno yangu: uwe mwangalifu kwa unachotuma, uwe mkarimu kwa unachopokea. Unapotuma, fuata kanuni kwa ukamilifu. Unapopokea kitu chenye kasoro ndogo ambacho maana yake inaeleweka, kipokee. Siku hizi kuna wahandisi wanaobishana kama ukarimu huo haujaleta uzembe, na hoja zao zina uzito kwa mashine. Kwa watu sijaona kanuni bora.

Nusu ya kwanza ni ile ya "naomba" na "shikamoo". Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Mwenzangu alikuwa akiambiwa "tutaangalia", "tutawasiliana", "haina shida", "kesho inshallah", na akawa anaandika kwenye ripoti: wamekubali. Siku zikipita bila kitu anasema: waongo hawa. Hawakuwa waongo. Walikuwa wamesema hapana mara tatu kwa namna isiyomwaibisha mtu mbele ya wenzake. Baada ya muda nikapata kipimo changu: jibu lenye siku na jina la mtu ("Jumanne, mwone Bwana wa stoo") ni ndiyo. Jibu lisilo na siku wala jina ni hapana yenye heshima. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa kila mtu, na Arusha nilikuta wengi wanasema moja kwa moja kama sisi, lakini kiliniokolea wiki nyingi.

Na upande wa pili una deni lile lile. Kijana mmoja wa ile SACCOS alikuja Nairobi wiki mbili kwa mafunzo. Siku ya tatu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hawa watu wamenikasirikia nini?" Hakuna aliyekuwa amemkasirikia. Watu walikuwa wanampita kwenye korido wakisema "sasa!" bila kungoja jibu, na bosi alimwambia "nitumie hiyo faili" bila salamu. Nikamweleza kuhusu UDP. Akacheka, na kesho yake nikamsikia kwenye kibanda cha chakula akisema kwa ushujaa, "Nipe chapati mbili!" Kisha akageuka kunitazama kama mtu aliyeiba.

Nayaandika haya kwa sababu mpaka huu bado haujawa mwepesi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 (naam, itifaki tena!), lakini Mkenya bado anahitaji kibali ili afanye kazi Tanzania, na Julai 2025 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya biashara ndogo ndogo kadhaa, zikiwemo kutuma pesa kwa simu na ukarabati wa simu. Kwetu watu walilalamika sana. Sheria hizo zina wenyewe wa kuzijadili na mimi si mmoja wao. Ninachojua ni kwamba pale Kariakoo, siku bodi ilipokaa, hakuna aliyesoma sheria yoyote. Waliulizana swali moja tu: hawa watu wanatuheshimu?

Kwa anayesafiri, haya ndiyo yaliyonisaidia:

1. Bisha hodi hata kama mlango uko wazi. Ngoja "karibu".

2. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri waziwazi, awe mkurugenzi au mfagizi. Mfagizi hasa. Ndiye anayejua funguo ziko wapi.

3. Ukikuta watu wanakula utaambiwa "karibu". Jibu "asante, endeleeni", au kaa ule japo tonge moja. Usipite kimya.

4. Usimkosoe mtu mbele ya kikao. Mwone kabla, au mwone baada.

5. Wakicheka Kiswahili chako, cheka nao. Kisha uliza neno sahihi. Nimeokota maneno mengi kwa njia hiyo kuliko darasani.

6. Mwezi wa Ramadhani usitembee na chupa ya maji ofisini, hata kama wewe si Mwislamu na joto ni la Dar.

Na kwako wewe ambaye huendi popote, unayekaa Nairobi, Eldoret au Kisumu ukiandika programu ambazo kesho zitavuka mpaka bila wewe: fungua leo lile faili la ujumbe wa makosa na vikumbusho. Lisome kwa sauti, polepole, mbele ya mama yako. Atakapokunja uso, weka alama hapo. Kisha hesabu herufi zilizobaki hadi 160, uone ni heshima kiasi gani ingeenea.

Haya, nawatakia kazi njema. Wasalimuni nyumbani.